Jinsi ya Kununua Nyumba Kolwezi Bila Wakili na Bila Kulia

Anza kwa kusoma ukuta. Hapa Kolwezi, kama Likasi na Lubumbashi, utazikuta nyumba zilizoandikwa kwa brashi, herufi nene zinazochuruzika rangi: "Parcelle à ne pas vendre", yaani parsele haiuzwi. Mwenye nyumba hakuandika hivyo kwa kupenda mapambo. Ameandika kwa sababu ana mpwa, na mpwa ana marafiki, na marafiki wanamjua komisionere mmoja, dalali mwenye mdomo mtamu. Maandishi hayo huyalipii hata franga. Ukiona yamefutwa kwa chokaa ambayo bado haijakauka, na komisionere anakusukuma uingie ndani upesi, geuka urudi ulikotoka.

Wakili ni mtu wa maana, na nyumba ikiwa na kesi mtafute bila kusita. Lakini mtu wa kawaida anayejua kusoma na asiyeona haya kuuliza anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe. Kinachomwangusha mnunuzi mara nyingi ni haraka. Muuzaji wa Kolwezi siku zote ana mgonjwa Lubumbashi, na siku zote kuna mteja mwingine yuko njiani na dola taslimu. Mwombee mgonjwa apone, mtakie mteja yule safari njema, kisha uombe karatasi.

Karatasi ipi? Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali. Unachonunua ni haki ya kuutumia pamoja na majengo yaliyo juu yake. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho. Mgeni hupewa kwa muda usiozidi miaka 25, ambao unaweza kuongezwa. Kwa hiyo muuzaji akijipiga kifua kwamba ardhi ile ni ya babu yake, msikilize kwa heshima, kunywa maji aliyokukaribisha, halafu umwombe sertifika. Sertifika ya usajili ndiyo pekee inayothibitisha haki hiyo mbele ya sheria. Fishi ya parsele inayotoka komine, barua ya shefu wa kartie, risiti ya 1994 yenye doa la mafuta ya mawese: zote zinaonyesha kwamba mtu ameishi pale. Hazimpi haki ya kukuuzia.

Sertifika yenyewe usiisome kwenye simu ya komisionere. Ishike mkononi, uandike namba ya volimu na ya folio, uende nazo kwa Konsevatere wa hati za ardhi. Pale kuna kitabu kikubwa cha usajili, na namba zako lazima zikutane na ukurasa wake. Tazama jina. Tazama kama kuna rehani ya benki. Omba mtu wa kadasta aje kwenye parsele na mchoro, mzitafute boni za mipaka moja moja, hata ile iliyofukiwa chini ya banda la kuku la jirani. Katika ujia wa ofisi atakufuata kijana mpole anayejua njia ya mkato. Mshukuru, kisha lipa benki, kwa noti ya malipo yenye mhuri.

Sasa familia, na hapa usichoke. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla nyumba yao haijauzwa. Baba akisema mama amekubali ila yuko shambani, subiri mama atoke shambani. Mwenye nyumba akiwa amefariki, kazi ni kubwa zaidi, kwa maana warithi wa kwanza ni watoto wake wote, wa kike na wa kiume, pamoja na waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa aliwatambua akiwa hai. Kaka mkubwa atakuja amevaa koti la marehemu na kukuambia yeye ndiye mkuu wa ukoo.

"Yaya, dada zako wako wapi?"

"Wanajua."

"Basi waje waseme wenyewe mbele ya notere."

Kaka atanuna. Mwache anune. Nimeona wanunuzi waliokwepa swali hilo kwa aibu, na miaka mitatu baadaye dada wanashuka kutoka Dilolo na magodoro yao, wanalala barazani. Na wana haki.

Mkiisha kukubaliana, mkataba uandikwe mbele ya notere au Konsevatere, na bei iwe ile ile mliyolipana. Msiipunguze ili kuokoa ada. Mkataba ukivunjwa mahakamani, bei ya uongo ndiyo utakayorudishiwa. Kisha fuateni mutasio: sertifika ya zamani inafutwa, mpya inatoka kwa jina lako. Kabla ya hapo wewe ni mtu mwenye ufunguo tu. Sertifika hiyo mpya ikishatimiza miaka miwili, sheria inailinda vizuri zaidi, kwa hiyo kila mwezi unaochelewa ni mwezi uliompa mpwa.

Na kwa muuzaji nina neno: usiiache sertifika halisi itoke mkononi kwenda kutolewa kopi, na hesabu pesa ndani ya benki. Kuuza nyumba moja kwa watu wawili ni kosa la jinai.

Lakini haya yote yangekutosha kama ungekuwa unanunua katika mji mwingine. Kolwezi ina kadasta mbili. Moja inahesabu parsele, nyingine, CAMI, inahesabu miraba ya migodi, na Sheria ya Madini ya 2002 imetenganisha haki ya juu na haki ya chini. Sertifika yako inaweza kuwa safi kama maji ya mvua huku chini ya jiko lako kuna kibali cha kampuni. Katika kartie ya Kasulo tuliona. Mwaka 2014 mkaazi mmoja alichimba kwake akakuta heterojeniti, jiwe lenye kobalti, na muda si mrefu watu walikuwa wanachimba sebuleni, mashimo yakipita chini ya vitanda vya majirani. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ikazungushiwa ukuta kwa ajili ya kampuni ya madini ya CDM, na wenyeji wakahamishwa. Katika Cité Gécamines, shimo la mgodi wa kampuni ya COMMUS limesogea hadi kwenye nyumba. Mwaka 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa hapa walieleza jinsi watu walivyohamishwa kwa fidia isiyotosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha.

Kwa hiyo nenda CAMI na mchoro wako, uulize nani ana kibali juu ya mraba ilimo parsele yako na mwisho wake ni lini. Tembea ukahesabu nyufa ukutani. Waulize majirani kama wanasikia miripuko, na saa ngapi. Ukiamua kununua hata hivyo, piga picha kila chumba, kila mti wa embe, kisima na choo, uweke kopi za karatasi kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Sheria inamtaka mwenye mgodi amlipe fidia mtu anayemwondoa, na siku ya kuhesabu fidia, asiye na karatasi huhesabiwa wa mwisho.

Kuna jambo moja ambalo mnunuzi hawezi kulifanya peke yake. Serikali ya mkoa wa Lualaba iziweke ramani za CAMI katika ofisi za komine ya Dilala na ya Manika, mahali ambapo mama muuza unga anaweza kusimama akazisoma bila kuomba ruhusa ya mtu, kabla hajatoa akiba yake yote.