Anko, Nisomee Insha

Mtu akikuambia anaomba kusoma MBA nje, usikimbilie kumpongeza. Muulize kwanza amekupangia kazi gani. Mpwa wangu, afisa mikopo wa benki moja hapa mjini, alinipa shikamoo mbili mfululizo, nikajua kuna jambo. Sasa mimi ni mhariri wa insha, mfadhili na mtu wa kuamshwa usiku, vyote bila posho.

Kuna mtihani unaitwa GMAT. Saa mbili na robo, ada karibu dola 300, na hupewi hata soda. Tangu ulipobadilishwa mwishoni mwa 2023, alama zinaanzia 205 na kuishia 805, zote zina tano mwishoni. 645 ya sasa inakaribiana na 700 ya zamani, na kazi ya kuwaeleza hayo wajomba wenzangu, wanaodhani kijana ameporomoka, nimebebeshwa mimi.

Halafu insha. Sisi tumelelewa kusifiwa na watu, siyo kujisifu. Hawa wa shule za MBA wanataka ujisifu kwa ushahidi. Stanford kwa miaka mingi wamekuwa wakiuliza ni jambo gani lenye maana kubwa kuliko yote kwako, na kwa nini. Mpwa wangu akajibu kwamba ni uongozi wa mabadiliko ya kidijitali. Mabadiliko hayo nayajua: walihamisha daftari la wageni kutoka mapokezi wakaliingiza kwenye kompyuta.

Nikamwambia, andika kuhusu kamati ya harusi ya dada yako. Ulikuwa mweka hazina. Ulikusanya ahadi za watu waliozima simu, ukampunguzia bei mtu wa ukumbi, ukamkatalia baba mkubwa kuongeza kadi kumi usiku wa mwisho, na hesabu ikafunga bila deni. Nani huko Stanford amewahi kudai mchango kwa shemeji yake akaupata? Akasema, "Anko, hiyo si ya kitaalamu." Yaani daftari la wageni ndiyo utaalamu!

Shule alizichagua kwa jina. Harvard, Stanford, Wharton, basi. Sikatai, Wharton wapo tangu 1881, hawajaanza biashara jana. Lakini ada ya masomo peke yake Harvard inapita dola 70,000 kwa mwaka, na miaka ni miwili, kabla hujala wala kulala. INSEAD ya Ufaransa wanakumaliza kwa miezi 10. Strathmore ya Nairobi na ESAMI ya Arusha nazo zinatoa MBA, na huko nauli ni ya basi. Nikamuuliza ukimaliza unataka kufanya kazi wapi, na nani. Hakuwa na jibu, ila alikuwa na picha ya maktaba ya Harvard kwenye simu.

Ila Harvard nawapa haki yao kwa jambo moja. Ufadhili wao wa MBA hutolewa kwa kuangalia mfuko wa mwanafunzi, siyo alama zake. Kwa mara ya kwanza ukoo wetu una sifa zinazotakiwa, tena kwa wingi.

Kilichonichosha kabisa ni barua za mapendekezo. Shule inataka bosi aandike kwa mkono wake jinsi kijana anavyofanya kazi na alivyopokea alipokosolewa. Bosi naye akajibu kama mabosi wote wa hapa: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Shule hizo zinakataza jambo hilo waziwazi, na barua ikigundulika ni ya mwombaji mwenyewe, ombi lote linaharibika.

Kwa hiyo naomba niseme na ninyi mabosi. Kijana akikuomba barua, kaa chini uandike mwenyewe. Kurasa mbili hazitakuua. Awamu ya pili ya maombi hufungwa mwanzoni mwa Januari, na Desemba yote ninyi mko Moshi. Andikeni kabla hamjapanda basi.