Mjerumani wa Pili

Shosho wa Tetu tayari ana Mjerumani mmoja nyumbani. Ni mbuzi. Mbegu yake, German Alpine, ilienea Nyeri miaka ya 1990 kupitia mradi uliofadhiliwa na Ujerumani kwa ajili ya wakulima ambao mashamba yao yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi ng'ombe akigeuka, mkia unaingia kwa jirani. Mbuzi huyu ana kadi. Chama cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa, ambacho makao yake yako papo hapo Nyeri, huandika nani alimzaa nani, na beberu wa kikundi hakai boma moja milele: huhamishwa akapande kwingine kabla binti zake hawajakomaa. Shosho hakumbuki alizaliwa mwezi gani, lakini ukoo wa mbuzi wake atakutajia mpaka nyanya mzaa nyanya.

Basi mwanawe, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya mji wa Nyeri, alipompigia simu kumweleza kwamba anatafuta mini shnauza, mtandao ukawa unakatika, na shosho akasikia "mimi nauza".

"Unauza nini?" alifoka. "Kama ni shamba la baba yako, usithubutu!"

Salio lote liliishia kwenye kumtuliza. Hauzi, ananunua. Wala si shamba, ni mbwa. Mbwa mdogo wa Kijerumani, mwenye ndevu. Upande wa pili kulikuwa kimya, kisha likaja swali ambalo yeyote aliyekulia Tetu angeliuliza.

"Anatoa lita ngapi?"

Mwalimu alikuwa na sababu zake. Watoto walitaka mbwa. Mama watoto alikuwa ameona yaliyompata jirani aliyefuga spitz mweupe wa Kijapani, mbwa wa fasheni siku hizi, ambaye manyoya yake yanapatikana kwenye kochi, kwenye sweta na kwenye chapati. Akaweka sharti moja tu: mbwa asiyeacha manyoya. Hapo ndipo Mwalimu alipojifunza habari za shnauza. Jina lenyewe limetokana na neno la Kijerumani la mdomo wa mnyama, ule uliochongoka mbele, na ukimwona huulizi kwa nini. Huyu mdogo alikuzwa huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na shnauza wa kimo cha kati na mbwa wengine wadogo, akapewa kazi ya kuua panya mashambani. Hazidi sana sentimita 35 begani, uzito wake ni kama nusu debe la viazi, ana nyusi za mzee wa kanisa, na manyoya yake magumu hayaanguki ovyo. Yanachofanya ni kuota tu bila kukoma, lakini jambo hilo Mwalimu alilisoma haraka haraka.

Muuzaji wa kwanza alipatikana kwa simu, na alikuwa wa Karatina. Picha zake zilikuwa safi kupita kiasi: kijibwa kwenye zulia jeupe, nyuma yake mahali pa kuotea moto penye mawe ya kuchongwa, nyumba ambayo si ya Karatina wala si ya karibu na Karatina. Alitaka kishika uchumba cha shilingi 3,000. "Tuma na ya kutolea," aliongeza. Mwalimu akatuma, na ya kutolea.

Huyu ni mtu ambaye, alipomnunua mtamba miaka miwili kabla, alikwenda Othaya mara tatu. Alimtazama mama yake akikamwa asubuhi, akarudi akamtazama akikamwa jioni, akahesabu chuchu, akauliza fahali alikuwa nani. Sasa ametuma pesa kwa sababu ya zulia.

Walikutana stejini, si nyumbani. Nyumbani, muuzaji alisema, kuna mkutano wa familia. Kijana alifika na katoni iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, akafungua kifuniko kidogo, kama mtu anayeuza kitu ambacho askari wa kaunti hawapaswi kukiona. Ndani mlikuwa na kijibwa wa rangi ya chai ya rangi, tumbo limevimba kama ngoma, macho yamefunguka juzi tu. Wiki nane, kijana alisema. Macho ya mbwa hufunguka yapata wiki mbili baada ya kuzaliwa, na Mwalimu aliyajua hayo tangu utotoni kwa mbwa wa kwao ambao hawakuwa na mbegu yoyote.

"Ndevu ziko wapi?" aliuliza.

"Zitaota, Mwalimu. Hata wewe ulizaliwa nazo?"

"Mama yake?"

"Yuko ushago."

"Baba yake?"

Kijana alitazama upande wa soko, palipokuwa na magunia ya viazi na mbwa watatu wamelala chini ya mkokoteni, kana kwamba anatafuta uso anaoufahamu. Kadi ya chanjo aliyoitoa mfukoni ilikuwa ya mbwa anayeitwa Simba, dume, miaka minne. Mwalimu alirudi Nyeri bila mbwa, bila 3,000, na akiwa na viroboto wawili ndani ya mkono wa sweta.

Kwa muda alijifariji kwa marehemu wa karibu. Jim Corbett, mwindaji maarufu wa simbamarara wala watu huko India, alihamia Kenya mwaka 1947, akaishi Nyeri katika nyumba ya Paxtu iliyowahi kuwa ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, akafa mwaka 1955 na kuzikwa karibu na kaburi la Baden-Powell, uani mwa kanisa la St Peter's. Katika kitabu chake cha mwaka 1944, Man-Eaters of Kumaon, anasimulia alivyompata mbwa wake Robin. Hakuwahi kumwona baba wala mama wa mbwa huyo. Muuzaji alimwaga vijibwa saba kutoka kwenye kikapu kichafu, Corbett akamchukua aliyekonda kuliko wote kwa rupia 15, na huyo ndiye aliyekuja kufuatana naye msituni kuwaandama chui. Mwalimu aliyasoma hayo kwa mkewe baada ya chakula. Mkewe akauliza kama Corbett naye alituma kishika uchumba.

Aliyeokoa mambo ni daktari wa mifugo, yule yule anayempandishia Mwalimu ng'ombe wake kwa mrija. Alijua mama mmoja mstaafu kule Nanyuki mwenye mbwa jike mmoja wa mbegu hiyo, anayezalisha nyumbani, na si kila mwaka. "Lakini jiandae," daktari alisema, akacheka peke yake.

Mwalimu alidhani anaambiwa ajiandae kwa bei. Kumbe ni kwa maswali. Alikaribishwa chai jikoni, na kabla hajapoza kikombe akaanza kuhojiwa. Ua lake ni la nini? Kaiyaba, alisema. Kaiyaba iliyokatwa ama iliyoachwa na matundu chini? Mchana nani yuko nyumbani? Mbwa atalala wapi Julai, ukungu ukishuka? Aliwahi kufuga mbwa gani, na alikufa kwa nini? Swali hilo la mwisho lilimtoa jasho, maana Popi wa utotoni alikufa kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Mwalimu amekaa kwenye ruracio, yaani vikao vya mahari, mara tatu, kimoja kikiwa chake mwenyewe, na anaapa kwamba wakwe walimhoji kidogo zaidi walipokuwa wakimpa binti mzima.

Mama mbwa alikuwepo, na alibweka tangu lango lilipofunguliwa mpaka lilipofungwa. Hiyo ni sehemu ya mbegu. Mtu anayetaka kimya afuge sungura. Vijibwa vilikuwa vitano kwenye blanketi karibu na jiko, wiki tano, vyote vikiwa tayari na mwanzo wa ndevu. Baba yao alikuwa wa mtu mwingine, kwenye karatasi jina lake halikufanana na la mama hata kizazi kimoja nyuma, na uzao wote ulikuwa umepelekwa kuandikishwa East Africa Kennel Club, Nairobi. Mwalimu aliitazama karatasi ile na kwa mara ya kwanza tangu aanze safari hii akajihisi yuko nyumbani. Ilikuwa kadi ya mbuzi wa mamake, ila kwa Kiingereza.

Bei ilikuwa shilingi 60,000. Mama watoto, ambaye alikuwa amenyamaza tangu chai, alizigeuza kichwani kuwa mbuzi na midomo yake ikaonekana ikihesabu.

Hawakupewa mbwa siku hiyo. Mama wa Nanyuki hatoi kijibwa kabla ya wiki nane, kwa kuwa wiki hizo ndizo anazofunzwa na mama na ndugu zake kwamba kuuma kunauma. Walirudi baada ya wiki tatu, wakapewa kijibwa, kadi yenye chanjo ya kwanza, tarehe za dawa ya minyoo, na onyo: asikanyage mahali mbwa wengine wanapopita mpaka chanjo za parvo zikamilike, na akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa.

Asikanyage. Kwa hiyo alipanda matatu akiwa kwenye kikapu, mapajani. Kondakta alisimama mlangoni akitafakari kama huyu ni abiria au ni mzigo, akaamua ni vyote viwili. Kupita Naro Moru, kijibwa alitapika. Hakutapikia gazeti lililotandikwa kwa ajili hiyo. Alinyosha shingo nje ya kikapu kwa adabu zote, akatapikia trei ya miche ya kabeji ya abiria wa kando. Mwalimu alilipia miche yote, akaombwa aichukue kwa kuwa ameinunua, na hivyo akashuka Nyeri na mbwa mmoja na miche 50.

"Mbuzi wako ni mgonjwa?" mzee mmoja wa siti ya nyuma alimuuliza kwa huruma, akitazama zile ndevu.

Nyumbani watoto walizitazama ndevu na nyusi hizo dakika mbili, wakampa jina: Guka, yaani babu. Kwa Mgikuyu jina si jambo la kuokota. Kifungua mimba wa kiume huchukua jina la baba wa baba yake, na babu aliyekufa anaendelea kuitwa mezani kila siku. Mwalimu alikuwa kazini na hakupata habari hizi kwa wakati. Jumapili shosho alikuja kumwona Mjerumani wa pili. Akiwa bado anafungua lango, alisikia wajukuu zake wakipiga kelele ndani: "Guka, shuka kwa kochi! Guka, usikojoe hapo!"

Mume wake alikuwa amezikwa miaka sita kabla. Alisimama pale langoni akishikilia kikapu cha ndizi, na wanaomjua wanasema hawajawahi kumwona akikosa la kusema kwa muda mrefu hivyo. Kabla ya jua kutua mbwa alikuwa ameshabatizwa upya, akawa Kansela, kwa heshima ya serikali ya nchi yake.

Shosho alisamehe, lakini kwa namna yake, yaani kwa kulisha. Ugali na omena hakuona kama ni chakula cha mgeni. Ijumaa moja ya Oktoba, Mwalimu alipopitia mutura, soseji ya kienyeji, kwa jamaa wa kando ya barabara, shosho, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, alimkatia Kansela vipande vinne vilivyonona, mnong'ono ukipita kati yao wawili. Usiku kucha mbwa alitapika, mgongo ameukunja juu kama daraja. Daktari alimwekea maji ya mshipa na kueleza kwamba shnauza wadogo wanajulikana kwa damu yenye mafuta mengi, kwamba mlo mmoja wa mafuta unaweza kuwasha moto kwenye kongosho, na kwamba vitunguu vya ndani ya mutura ni sumu kwa mbwa yeyote, awe na kadi au asiwe nayo. Bili ilikuwa kubwa. Shosho aliisoma mara mbili, akasema mbuzi wake hajawahi kuwa na kongosho.

Kilichobadilisha hesabu ni mahindi. Novemba, Kansela alipelekwa Tetu kwa wiki moja. Ghala la shosho lilikuwa limetekwa na panya, na paka wake, aliyenenepa kwa maziwa ya mbuzi, alikuwa amefikia makubaliano nao. Kansela aliingia chini ya magunia mkia tu ukionekana. Hakuna aliyemfundisha. Siku ya kwanza alitoa panya watatu, akawapanga kwenye kizingiti cha mlango, na jirani aliyekuja kuomba chumvi akarudi bila chumvi. Shosho alipiga simu jioni hiyo hiyo. Alitaka kadi ya mbwa iletwe Tetu ikae na ile ya mbuzi, na alitaka kujua yule jike wa Nanyuki ana binti wangapi na wako wapi, ili Kansela asije akapotoshwa.

Yakabaki manyoya, yale yasiyoanguka. Kila wiki sita hadi nane mbwa huyu anahitaji kukatwa, la sivyo anakuwa zulia lenye pua. Desemba hakuwa anaona mbele, na Mwalimu hakumjua mtu wa kunyoa mbwa mjini Nyeri. Akamwendea kinyozi wake mwenyewe. Kinyozi alikubali, lakini baada ya kufunga, na kwa mashine ya zamani. Mwalimu alimwonyesha picha kwenye simu. Kinyozi naye akaelekeza kidole kwenye bango lake lenye vichwa 30 vya vijana, kila kimoja na nambari, akauliza kama hakuna kinachokaribia. Wakakubaliana nambari 14, pande zote chini, juu iachwe, ndevu zichongwe. Kansela alikaa kwenye ubao wa watoto uliowekwa juu ya mikono ya kiti, shuka shingoni, akijitazama kwenye kioo bila kubweka hata mara moja.

Mwalimu alitoa pesa za mtoto, maana mbwa ana miezi saba tu. Kinyozi alizihesabu, akazirudisha mezani, akamgeuza Kansela uso kwenye taa ili ndevu zionekane vizuri, akataja bei ya mtu mzima.