Namba ya Mama

Tangu Ijumaa hakuna mtu wa upande wa mke wangu aliyenipigia simu, isipokuwa shemeji mmoja aliyenitumia ujumbe wa maneno matatu: "Huyo mama nani?"

Hakuna mama. Nimeeleza, nimeapa, nimechora hata picha. Hakuna mama mwenye miguu. Yuko mama wa nikeli, naye aliishi Uingereza mwaka 1963, na balaa lake ni kwamba alikuwa na namba.

Ilikuwa hitima ya ami yake mke wangu, Mombasa. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani. Nikatumwa sebuleni kuchukua busati. Busati lilikuwa limeegemezwa kwenye gramafoni ya kabati, mlango wa kabati wazi nusu, na ndani yake, katikati ya santuri ndogo za taarabu, vijana wanne walikuwa wakinichungulia kutoka juu ya ngazi. Please Please Me, albamu ya kwanza ya Beatles, iliyotoka tarehe 22 Machi 1963. Marehemu alikuwa karani bandarini enzi za meli za abiria. Baharia gani alimwachia, na kwa deni gani, Mungu ndiye ajuaye.

Nikasema niitazame lebo tu. Ikiwa ya maandishi ya manjano, nairudisha na kubeba busati langu. Haikuwa ya manjano. Ilikuwa nyeusi yenye maandishi ya dhahabu.

Hapa lazima nieleze, maana siku ile hakuna aliyenipa nafasi. Lebo ya Parlophone nyeusi na dhahabu ilikuwa inaelekea kustaafu albamu hii ilipotoka. Baada ya muda mfupi ikaja nyeusi yenye maandishi ya manjano, na nakala nyingi mno za Uingereza ni za manjano. Hata kati ya zile za dhahabu kuna wakubwa na wadogo: za mwanzo kabisa zimeandika chini ya baadhi ya nyimbo walizotunga wenyewe jina la Dick James Mus. Co., na zilizofuata zikaandika Northern Songs, kampuni iliyoundwa kuzimiliki nyimbo zao. Ya marehemu ilisema Dick James. Mikono ikaanza kunitetemeka. Hapo mtu hawezi tena kuishia kwenye lebo, atataka kujua ukoo.

Na ukoo wa santuri ni jambo la ajabu. Kwanza fundi huchonga mfereji kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laki, kwa sindano inayotikiswa na sauti yenyewe. Sahani hiyo ni laini mno, haiwezi kuchapa chochote. Basi hupuliziwa fedha nyembamba, ikatumbukizwa kwenye maji ya nikeli na kupitishiwa umeme hadi nikeli ijijenge juu yake. Ukiibandua nikeli ile unapata sura iliyogeuka, palipokuwa na mfereji sasa pana tuta. Huyo ndiye baba. Baba naye hutumbukizwa, akabanduliwa mama, na mama ana mifereji kama ya asili. Ukitaka, unaweza kumweka kwenye gramafoni na kumsikiliza akiimba. Kwa mama ndiko inakozaliwa mihuri, na mihuri miwili, mmoja juu mmoja chini, ndiyo inayobana donge la plastiki ya moto likawa santuri. Muhuri huchoka baada ya mamia ya santuri, ukatupwa, mama akazaa mwingine. Mama akichoka, baba hutoa mama wa pili, wa tatu, wa nne.

EMI, kiwandani kwao Hayes, waliandika haya yote kwenye kila santuri, pale karibu na lebo ambapo sindano huzunguka bure wimbo ukisha. Iweke santuri namba ya matriksi, ile inayoutambulisha upande, ikae chini, ilipo saa kumi na mbili kwenye uso wa saa. Kushoto, saa tatu, pana tarakimu ya mama. Kulia, saa tisa, pana muhuri, lakini muhuri huandikwa kwa herufi. Walichukua jina la kampuni, Gramophone Co. Ltd, wakachagua herufi kumi: GRAMOPHLTD. G ni 1, R ni 2, A ni 3, hivyo hivyo hadi T ambayo ni 9, na D ambayo ni sifuri. Muhuri wa 34 ni AM. Alama zenyewe ni ndogo kama chawa, na hazionekani ila ukiinamisha santuri mwanga uipige kiubavu.

Ndiyo maana nilikuwa nimepiga magoti, tochi ya simu nimeibana kidevuni, jicho limekaribia kugusa santuri ya marehemu, shangazi, dadake marehemu, alipoingia.

"Mwanangu, watafuta nini humo?"

"Namba ya mama, Shangazi."

"Mama gani?"

"Bado sijamjua. Nataka kuona kama ni wa kwanza au wa nne."

Kisomo cha wanawake, ambacho kilikuwa kikisikika vizuri tu kutoka chumba cha pili, kikapungua sauti.

"Ndugu yangu alikuwa na mama mwingine?"

"Lazima wawe wengi, Shangazi. Mmoja hatoshi, huchoka."

Nieleweke: nilikuwa sijainua kichwa. Mtu anayesoma alama za Hayes hainui kichwa.

"Na huyo mama apatikana wapi?"

"Huonekana saa tatu."

"Saa tatu ya usiku?"

"Hapa kushoto," nikasema, nikanyoosha kidole. Kushoto kwangu palikuwa na dirisha, na ng'ambo ya dirisha ni nyumba ya jirani mjane anayepika mahamri.

Kisomo kikakatika kabisa.

Yaliyofuata sikuyaona yote, kwa kuwa nilitolewa kupitia mlango wa nyuma, nimekumbatia busati. Nasikia wazee walijitenga pembeni ya turubai kujadili mirathi upya. Nasikia mmoja wao alisema yeye siku zote alikuwa na shaka. Jirani, masikini, alileta mahamri ya hitima kwa wema wake, na sinia likarudishwa kama lilivyokuja. Na namba niliiona: mama 1, muhuri GR. Muhuri wa kumi na mbili wa mama wa kwanza! Habari kama hiyo mtu huipigia kelele, nami sina wa kumwambia, wala mlango wa nyumba ile sitaugusa tena.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko kutimuliwa. Zile santuri ndogo zilizoizunguka Beatles kabatini, za Mzuri, lebo ya hapa hapa Mombasa, nilizimulika pia. Nyingi hazikuwa hata na mwaka. Ya vijana wa Liverpool nakutajia mama na muhuri. Ya taarabu iliyochezwa kwenye harusi za mtaa ule ule siwezi kukwambia ilichapwa lini, nakala ngapi, wala mpiga udi alilipwa nini. Na si kwamba hatukuwa na viwanda. Santuri zilichapwa Nairobi, bendi za Tanzania zikifunga safari kwenda kurekodi huko. Daftari za kazi ile ziko wapi? "Malaika" yenyewe, wimbo unaoimbwa dunia nzima, mpaka leo watu wanabishana kama aliyeutunga ni Fadhili William au Adam Salim. Wenzetu wanajua namba ya mama, sisi hata baba wa wimbo hatujakubaliana. Mwaka 2015 nakala ya White Album ya Beatles iliyokuwa ya Ringo Starr, mpiga ngoma wao, yenye namba 0000001, iliuzwa dola 790,000 kwa sababu kuna mtu aliyejali kupiga namba. Zetu huja wanunuzi kutoka Ulaya wakazichukua kwa mafungu, kisha zikachapwa upya huko na kijitabu kizuri cha kutueleza sisi tulikuwa akina nani. Tunakinunua, tena kwa bei ya huko.

Mikasa mingine ya kazi hii ya kusaka santuri ni midogo. Nilimpigia muuzaji mmoja wa Nairobi kumuuliza kama santuri yake ya lebo ya Blue Note ina sikio, yaani ile P ya kiwanda cha Plastylite iliyopindwa ikafanana na sikio, akaniambia nikapumzike, akakata simu. Fundi wa miwani amekataa kunitengenezea lenzi ya "kusomea plastiki". Na bei za santuri nimekuwa nikiziandika kwa herufi za Hayes, ili mke wangu, ambaye ni mhasibu, asizijue. Jana nilikuta karatasi yangu ya PODD juu ya meza, na chini yake, kwa mwandiko wake: "Karo ya watoto, RODDD. Kabla ya Jumatatu."