Jaji wa Kwenye Kochi
Shabiki wa mapigano mseto ndiye mtaalamu pekee anayehitimu akiwa amejinyoosha kwenye kochi. Desemba 2015, mjini Las Vegas, Conor McGregor alimlaza José Aldo, bingwa aliyekuwa amekaa miaka kumi bila kushindwa, kwa sekunde 13 tu. Shabiki akang'aka: pesa imeliwa, na ile ilikuwa bahati! Januari 2022, Francis Ngannou wa Kameruni, aliyezoeleka kumaliza kazi mapema kwa makonde, alizidiwa na Ciryl Gane raundi mbili za kwanza, kisha akaanza kumbwaga na kumganda chini hadi ya tano, tena akiwa na goti bovu. Majaji wote watatu wakampa ushindi. Shabiki akapiga miayo, eti mieleka hiyo akawaoneshe watoto. Mtasema aliyelipa ana haki ya kulalamika. Anayo, tena tele (hata yule anayetazama kwa king'amuzi cha jirani). Lakini tiketi haimgeuzi mtu kuwa mwamuzi, na malalamiko yake yangekuwa na uzito kama angetaja mapema muda unaomridhisha. Kati ya sekunde 13 na dakika 25 za raundi tano, nafasi ya kuchagua si haba.