Drili ya Mwingereza

Mimi na marehemu Joseph Whitworth tuna kesi. Mwaka 1841 mzee huyu aliwashauri Waingereza wenzake kwamba thredi za bolti zote ziwe na kipimo kimoja, kwa inchi, pembe digrii 55. Shauri zuri. Baadaye dunia ikahamia milimita na pembe ya digrii 60, isipokuwa drili yangu. Spana namba 13 haiingii kwenye nati zake. Namba 14 inaingia, halafu inazunguka bure huku ikitafuna kona. Nenda dukani ukaulize bolti ya Whitworth uone utakavyotazamwa.

Ni drili ya kusimama, ile yenye nguzo nene na meza ya chuma, niliyoikuta eneo la Gerezani, Dar es Salaam, imelala chali kwenye vyuma chakavu. Pale vyuma huuzwa kwa kilo. Lakini muuzaji aliponiona ninaipapasa, mizani ikafichwa. "Mzee wangu, hii ya Mwingereza, hazitengenezwi tena hizi." Sikujua kuwa kutu nayo ina uraia.

Kwa haki, chuma chenyewe hakina neno. Nguzo imenyooka, meza haijapinda. Kilichokufa ni vile vidogo: beringi, mkanda, swichi. Mafuta ya taa na msasa vilifanya kazi yake, na mabega yangu yakalipia. Ila kila anayepita anauliza jambo moja tu, utapaka rangi gani. Hakuna anayeuliza kama shafti inacheza! Drili inayotikisa biti itatoboa tundu la yai hata ukiipaka dhahabu.

Kisha mota. Ni ya fezi tatu, nyumbani kwangu ipo moja. Fundi wa kwanza akasema ng'oa, funga mota ya pampu ya maji. Kijana mmoja, mjuzi wa simu na kila kitu, akasema, "Mjomba, boresha, weka inveta." Inveta inapokea umeme wa fezi moja na kutoa tatu, hilo kweli. Asichosema kijana ni kwamba ile ya kawaida ikiingia volti 230 inatoa 230, na mota yangu imefungwa stari kwa volti 400. Lazima ibadilishwe iwe delta, na nyaya za kubadilishia zimezikwa ndani ya koili. Fundi koili akachokonoa, akapatia, akatoza bei ya upasuaji.

Nikaambiwa sasa nimepumzika kuhamisha mkanda kwenye puli, kasi nitaipunguza kwa kitufe. Uongo. Puli ikipunguza kasi inaongeza nguvu. Kitufe kinapunguza kasi tu. Biti ya milimita 13 ikigusa bamba, mota inaguna kisha inagoma. Na ikizungushwa polepole muda mrefu inachemka, maana feni yake imefungwa kwenye shafti ileile, nayo inajikokota. Kwa hiyo bado nahamisha mkanda, na inveta imekaa ukutani inawaka taa kama bibi harusi.

Ningenunua mpya ya dukani? Mama watoto ameshauliza, tena mbele ya wageni. Niliishika moja: nguzo nyembamba, ukivuta mkono kichwa kizima kinanyanyuka. Bado naichukua hii yangu, na deni lake.

Sasa imepona, na mtaa mzima umegundua una vyuma vya kutoboa. Geti la huyu, kitanda cha yule, kitasa cha msikiti. Msikiti nitatoboa bure. Wengine njooni na hela, na mkija vueni glavu, maana biti ikinasa kitambaa inavuta na mkono. Bamba lifungwe kwenye jiliwa, lisishikwe kwa vidole. Na aliyeondoka na ufunguo wa kichwa cha drili aurudishe, dukani hawana saizi yake.