Chuo cha Mashimo

Fedheha ya kurushiwa maji ya tope kifuani saa mbili asubuhi pale Kibuye, mbele ya teksi nzima ya abiria wanaojifanya hawakuona, haina dawa. Suti inafulika, hadhi haifuliki. Mvua za Machi hadi Mei zikikolea Kampala, fedheha hiyo hugawiwa bila upendeleo kwa mwalimu, karani, mchungaji na hata bibi harusi. Kundi moja tu halipati mgao: wanaopita kwa king'ora. Ndiyo maana nashikilia kwamba semina zote za uongozi bora zinazoendeshwa katika hoteli za mji huu, pamoja na chai yake ya saa nne na kalamu zake za bure, zingeweza kufutwa likabaki somo moja, nalo ni kumpitisha kiongozi shimoni kwa chombo kile kile, na kwa mwendo ule ule, wa watu anaowaongoza.

Shimo lenyewe, tuseme haki, ni kazi ya ustadi. Halizaliwi shimo. Huanza kama ufa mwembamba katika lami, ambao hata mhandisi huuvuka bila kugeuza shingo. Mvua inaingia ufani na kulowesha tabaka la maramu lililo chini. Nayo maji hayashindiliki. Tairi la lori likikanyaga, yanatafuta pa kutokea, yanaruka kupitia ufa yakiwa yamebeba udongo laini, na tairi likishapita yananyonywa ndani tena. Mchezo huo unaendelea mchana kutwa, wiki baada ya wiki, mpaka chini ya lami panabaki pango lisiloonwa na mtu, kisha siku moja lami inadidimia na dereva wa mwisho kupita ndiye anayetukanwa. Mara nyingi chanzo wala si barabara, ni mtaro: ukijaa chupa za plastiki na mifuko ya kavera, maji huhamia njiani. Tiba yake inajulikana pia. Unakata kingo ziwe wima, unatoa udongo uliolowa, unapaka lami ya maji, unajaza kokoto zilizochanganywa na lami ya moto, unashindilia. Kumwaga maramu na kuondoka hudumu mpaka mvua inayofuata, yaani pengine mpaka jioni. Mwendesha bodaboda wa Ndeeba hakusomea haya, lakini akikuta dimbwi halitazami dimbwi. Anatazama teksi iliyo mbele imeinamia upande gani. Elimu basi ipo, tena ya bure, ila haina ngazi ya kuifikisha ghorofani.

Aprili 2023 elimu hiyo ilifika, na iliyoifikisha haikuwa ripoti. Jimmy Spire Ssentongo, mhadhiri na mchoraji wa vibonzo, aliwaalika wakazi katika maonyesho ya mashimo ya Kampala kwenye Twitter. Watu walileta mashimo yao kwa fahari ya wasanii: ya duara, ya mraba, yenye kina cha kuogea. Mashimo yale hayakuwa siri kwa mtu yeyote, na mamlaka ya jiji, KCCA, haikuwa na uhaba wa wahandisi wa kuyatambua. Lakini siku chache za kuchekwa zilifanya ambacho miaka ya kulalamika haikufanya. Rais Museveni aliiagiza Wizara ya Fedha iipe KCCA shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo, tena mara moja.

Ataniambia mtu kwamba tatizo ni fedha tu, kwa kuwa jiji lina zaidi ya kilomita 2,000 za barabara na nyingi hazijaona lami. Ni kweli, bilioni 6 hazifiki mbali. Hata hivyo mkutano wa Jumuiya ya Madola ulipokuja mwaka 2007, na ule wa nchi zisizofungamana na upande wowote ulipokuja Munyonyo Januari 2024, barabara za wageni zilipata lami kwa kasi ya kuwatia aibu wenyeji. Fedha kumbe huwa zipo pale atakayerushwarushwa anapokuwa mtu wa kuonewa haya. Mpangilio wa madaraka nao unachangia: Meya Mkuu huchaguliwa na wananchi, mkurugenzi mtendaji huteuliwa na Rais, hivyo anayeomba kura hashiki mfuko, na anayeshika mfuko haombi kura. Ukiuliza shimo ni la nani, utaambiwa upande wa pili.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi, nami silidharau. Rais hawezi kupanda bodaboda kutoka Kalerwe, wala waziri hana muda wa kukaa foleni ya Clock Tower kila asubuhi. Sawa, asikae. Lakini ofisa aliyetengewa gari refu lenye springi za kumeza kila kishindo, na msafara wa kusimamisha wengine njiani, amenunuliwa ujinga kwa kodi ya wale waliosimamishwa. Angalau basi awe na mazoea ya kumuuliza kondakta, na jibu likimchoma asimtafutie kondakta kosa.

Maonyesho yalifuatwa na mengine, ya hospitali, kisha ya Bunge. Hapo ndipo kicheko kinapoanza kunichachia mdomoni, kwa sababu mji unaotengenezwa kwa aibu hutengenezwa pale tu aibu inapofika. Jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996, lilijulikana kuwa limejaa. Wakazi wa jirani waliishi na harufu yake na mlima wake kila siku, bila haja ya mtaalamu kuwaeleza. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka, ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Mwezi uliofuata Rais aliwafuta kazi mkurugenzi mtendaji wa KCCA, naibu wake na mkurugenzi wa afya. Labda walistahili. Lakini wageni wa Januari hawakupitishwa Kiteezi: iko kaskazini mwa mji, na Munyonyo iko kusini, ziwani.