Kinachommaliza Mkimbiaji Si Roho, Ni Tumbo

Mfyuuu! Eti roho. Kila mwanariadha wetu anapotajwa redioni, kijiwe cha kahawa hapa Boko Magengeni kinarudia hukumu ile ile: fulani kashinda kwa kuwa ana roho ngumu, fulani kakata pumzi kwa kuwa hana. Bodaboda wanasema roho, wazee wa drafti wanasema roho, na muuza kahawa anaongeza kwamba Wakenya wanazaliwa nayo. Ingekuwa ni roho tu, sisi tunaotoka Mwenge jioni tumesimama kwa mguu mmoja ndani ya daladala tungekuwa na medali kila nyumba.

Halafu mzee mmoja ananigeukia: "We kijana, Akhwari unamjua?"

Namjua, mzee wangu. John Stephen Akhwari wa Mbulu, marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968. Alianguka, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani giza limeshatanda. Saa 3:25:27, wa 57 na wa mwisho. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa nzima kabla yake. Roho ilikuwepo, nani abishe? Ilimfikisha. Ila walioanza walikuwa 75, kwa hiyo 18 waliishia njiani, na wale hawakuokotwa sokoni, walikuwa wanariadha wa Olimpiki. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Miili ilikataa, nyie mnahesabu roho.

Hebu tupige hesabu ya hapa hapa. Kutoka Boko hadi Bagamoyo mjini inakaribia marathoni. Mtu wa kilo 60 akikimbia anachoma kama kalori 60 kwa kila kilomita. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini lake haizidi sana kalori 2,000. Mafuta anayo tele, hata mwembamba anayo, lakini mafuta yanaungua polepole na yanataka oksijeni nyingi zaidi. Ndiyo maana Bunju unapita unacheka, Mapinga unapunga mkono, Kerege unaanza kunyamaza, na ukishaivuka Zinga miguu inakuwa ya mtu mwingine. Hapo hukuishiwa ujasiri. Umeishiwa sukari.

"Si ale njiani?" anadakia dogo wa bodaboda. Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kijiweni mwaka huu. Ale, lakini utumbo wa mtu ni mlango wa Coaster saa kumi na mbili jioni: konda apige kelele atakavyo, wanaoingia ni wale wale kadiri mlango unavyoruhusu. Sukari ya glukosi inapita kama gramu 60 kwa saa, basi. Ukichanganya na fruktosi, ile ya matunda na asali, unafungua mlango wa nyuma, unafika gramu 90 au zaidi kidogo kwa aliyezoeza tumbo lake. Sukari ya kawaida ina zote mbili, kwa hiyo kashata hii mnayoikejeli si chakula cha mzaha (karanga zake tu ndizo nzito). Lakini gramu 90 ni kalori 360, na mkimbiaji wa juu anachoma zaidi ya 1,000 kwa saa. Fanyeni wenyewe kutoa.

Mbio zikizidi marathoni, mkazipeleka kilomita 90 kama Comrades kule Afrika Kusini, mapafu yanatoka kabisa kwenye mashtaka. Mwendo ni wa chini, pumzi inatosha. Kesi inabaki kwa tumbo, na kwa misuli iliyochanika kwa kuteremka vilima.

Na zikiwa za wiki na miezi? Hapo kuna habari tamu. Herman Pontzer, Mmarekani aliyewahi kuja kuwapima Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi na kukuta wanatumia nishati kwa siku sawa tu na watu wa mijini wenye miili kama yao, pamoja na kutembea kote kule, alishiriki pia kupima watu waliokimbia kuvuka Marekani mwaka 2015, kutoka California hadi Washington. Karibu marathoni moja kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi kadhaa. Mwanzoni walichoma moto mkubwa, kisha mwili ukaanza kubana matumizi penginepo. Matokeo yalitoka 2019: kwa safari ndefu namna hiyo, binadamu anahimili kama mara mbili na nusu ya nishati anayotumia akiwa amepumzika tu. Ukivuka hapo unaanza kujila mwenyewe, unakonda, na wapimaji wanaona ni kwa sababu utumbo hauwezi kupitisha zaidi. Mnasikia? Utumbo.

Joto nalo ni mshirika wa utumbo. Sehemu kubwa ya nishati ya mkimbiaji, kama robo tatu, inageuka joto. Damu inakimbilia kwenye ngozi kulipoza, miguu nayo inaidai, tumbo linaachwa kavu, ndipo mtu anatapika kila anachomeza. Na jasho halipozi kwa kutiririka, linapoza kwa kukauka. Kwa unyevunyevu huu wetu wa pwani linakauka saa ngapi?

Mtazameni Alphonce Simbu. Aprili 2025, marathoni ya Boston, wa pili kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huo huo, Tokyo, joto na unyevu kama tuko Tegeta, saa 2:09:48. Karibu dakika tano zimepotea, na ndiyo siku aliyompiku Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, akailetea Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha. "Walikuwa wanaviziana," anasema mzee wa drafti. Kweli, na Boston ina mteremko. Lakini kwa nini waviziane? Kwa sababu kila mmoja anajua atakayewahi kuchoma akiba yake kwenye joto lile atalipa mbele.

Sasa mtu akisikia joto, anakunywa maji kama ngamia. Aka! Mwaka 2002, Boston hiyo hiyo, walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza. 13 katika kila 100 walikuwa na chumvi pungufu kupita kiasi, na dalili ilikuwa wazi: wengi walikunywa hadi uzito ukaongezeka. Hilo linaua. Kunywa kwa kiu.

Wapagazi wa Kinyamwezi wa enzi za misafara waliyajua haya ya joto na tumbo bila maabara. Waliteremka hadi Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu na mizigo ya frasila mbili, kilo 30 na ushee, mabegani. Msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijachoma, na posho ikikosekana hakuna aliyehubiriwa roho. Msafara ulisimama, au watu walitoroka.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji wa mbio za Jumapili jijini, na kwa vikundi vyetu vya jogingi kuanzia Temeke hadi Bunju: acheni hotuba za mgeni rasmi zinazoendelea mpaka saa moja na nusu jua limeshatoka. Pigeni filimbi saa kumi na moja alfajiri, wekeni ndizi, chumvi na maji ya sukari kila kilomita chache, na hotuba ije baada ya mbio, watu wakiwa wamekaa kivulini.